Pete Yenye Mwanya

4 Februari

Kwa Fundi Pete,

Salamu zitafuata, kazi kwanza. Nataka pete ya fedha ya kidole cha pete, mkono wa kushoto. Isiwe na jiwe, isiwe na ua, isiwe na kitu chochote kilichosimama, maana kikisimama kitakwaruza hariri na mteja atanililia mimi, si wewe. Pete ya marehemu baba yako niliivua yeye mwenyewe akiwa hai kwa sababu hiyohiyo, akaninunia mwezi mzima.

Najua nilisema nini siku ulipoiacha cherehani ukaenda kugongagonga madini kwenye chumba cha nyuma. Nilisema mtu mwenye kastabini kidoleni ya kusukumia sindano hana haja ya pete. Bado nasema. Ila wiki iliyopita mke wa mwenye duka la dawa alikuja kupimwa gauni, akaninyooshea mkono. "Fundi, hii unaijua? Imetoka kwa binti yako." Nikamwambia naijua sana. Wapi! Nilikuwa naiona kwa mara ya kwanza. Nikaushika ule mkono kama napima kiwiko, nikaitazama vizuri. Kazi safi. Kiungo, pale ncha zilipoungwa, sikukiona, na mimi hutafuta kiungo hata kwenye nguo za watu msibani. Sasa mji mzima unavaa kazi ya mwanangu isipokuwa mimi, na aibu hiyo siitaki.

Usinipigie simu ya duka la kona. Nikiongea pale, kila anayenunua sabuni anasikiliza. Andika.

Kikaratasi cha kipimo kimo humu ndani. Mwambie mumeo Mwalimu suruali yake nimeshaipunguza. Posta siipeleki, aifuate mwenyewe.

Mama yako, ambaye leo ni mteja

*

12 Februari

Kwa Mteja wangu mpya,

Shikamoo Mama. Barua nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaisoma tena nikiwa nimekaa. Mwalimu akaacha kusahihisha madaftari akaniuliza kuna nini. Nikamwambia Mama ameagiza pete. Akasema, "Mama yupi?"

Kikaratasi kimoja hakitoshi. Pete inapita pagumu kabla ya kufika inapokaa. Kuna fundo la kidole, lile la katikati, ambalo ni mfupa. Na kuna shina, kule chini, ambalo ni nyama. Ikilingana na fundo tu, itacheza chini. Ikilingana na shina tu, haitafika. Mimi kazi yangu ni kutafuta njia ya katikati. Kwa hiyo naomba vikaratasi viwili, kimoja ukiandike F na kingine S. Upime jioni, mkono ukiwa na joto la kazi, usipime asubuhi umetoka kunawa maji baridi.

Kuhusu hariri, usiwe na wasiwasi. Kila pete ikitoka mezani kwangu naipitisha kwenye kipande cha hariri. Ikivuta hata uzi mmoja, inarudi kwenye msasa. Sikukwambia nilikotoa ule mtindo. Niliutoa kwako.

Mwanao, Kijiti

*

20 Februari

Kijiti,

Unanifundisha mimi kupima? Haya, makubwa haya. Nimepima nusu ya mji huu, pamoja na wale wanaovuta tumbo ndani wakidhani siwaoni. Lakini mteja akienda kwa fundi anamsikiliza fundi, basi nimetii. F hiki hapa, S hiki hapa. Jioni, mkono una joto, umetoka kwenye pasi.

Bure sitaki. Cha bure hakina heshima. Nitakulipa gauni. Kitambaa ninacho, cha buluu iliyoiva, kizito kidogo, kinaanguka vizuri. Vipimo vyako viko kichwani. Wewe Kijiti hubadiliki, nakukata gizani nimefumba macho.

Mama yako

*

9 Machi

Mama, shikamoo.

Pete imo kwenye kiboksi cha kiberiti, ifungue polepole. Nilikata ukanda kwenye bamba la fedha kwa ule msumeno mwembamba kama uzi, nikaupasha moto mpaka ukalainika, nikauzungusha kwenye chuma changu kilichochongoka na kuugonga kwa nyundo ya mbao. Juu yake nimepiga alama ndogondogo kwa patasi, zinafuatana kama mshono wa mkono. Ukitazama vizuri utaona ni mshono wako wa pindo, ule wa kulala. Vumbi la fedha lote limeangukia kwenye ngozi niliyoifunga chini ya meza, hakuna kilichopotea.

Kulehemu kile kiungo nilimwachia Mwalimu. Siku hizi moshi wa lehemu unanikera, kwa hiyo alifanyia yeye ndani na mimi nikasimama uani namwelekeza kupitia dirishani. Hesabu anazo, lakini mkono mzito. Ukitafuta kiungo utakiona.

Lile gauni, kama hujakata, usitumie vile vipimo vya kichwani. Ongeza inchi mbili kiunoni na mbili kifuani. Nimeanza kupenda nguo pana. Zinapitisha hewa.

Mwanao, Kijiti

*

2 Aprili

Kijiti,

Kiungo nimekiona. Mwambie Mwalimu arudi kwenye ubao.

Pete nimeipenda. Nasema mara moja, usiningoje niseme tena. Mshono wa kulala umeupatia, hata ule mwinamo. Lakini inacheza. Nikiinamisha mkono inashuka mpaka kwenye fundo, na juzi nikiwa naosha vyombo ikanitoka ikaingia kwenye povu. Nimeirudisha humu. Itakuwa nilipima vibaya. Nimepima upya, F na S viko ndani.

Inchi mbili kiunoni, mbili kifuani. Mwalimu siku hizi anapika?

Mama yako

*

14 Aprili

Mama,

Nimevilaza vikaratasi vyako vinne mezani, vile vya Februari chini, hivi vya sasa juu. F na F zimelingana kabisa, hata unywele haupiti. S mpya imepungua kwa punje ya mchele.

Mtu aliyepima vibaya hukosea kotekote. Wewe fundo umelipatia mara mbili, shina ndilo "umelikosea". Na tangu lini ukapima vibaya? Bibi harusi yule aliyedanganya umri ulimgundua kwa mabega. Mama, kidole hakipungui peke yake. Kikipungua kidole, mwili umeshatangulia. Unakula?

Pete ninayo. Njia ya kawaida ni kuikata, kutoa kipande na kulehemu tena. Sijaanza, moto nimeupumzisha kwa sababu ya mafua. Nipe siku.

Gauni liongezee inchi nyingine.

Kijiti

*

23 Aprili

Kijiti,

Umekuwa mpelelezi? Nakula. Nakula kuliko ulipokuwa hapa. Joto limezidi, na watu wazima hukauka, hivyo tu. Kidole ni changu, acha kukiulizia kama kimeiba.

Tuzungumze ya maana. Gauni nataka kulikata kwa mtindo mpya niliouona kwa mteja, kwa hiyo nahitaji vipimo visivyo vya kawaida. Simama wima bila viatu. Nipimie mbele, kutoka shimo la shingo mpaka gotini, kamba ipite juu ya kila kitu. Halafu nyuma, kutoka kwenye mfupa wa shingo mpaka nyuma ya goti. Usipunguze, usiongeze, usifikirie. Andika tu.

Hayo mafua yako ni ya tangu Machi?

Mama yako

*

5 Mei

Mama, shikamoo.

Amenipima Mwalimu kwa kamba ya kiatu, halafu akailaza kamba kwenye rula yake ya ubaoni. Mbele inchi arobaini na tano. Nyuma arobaini na moja. Alitaka kukuandikia na nusu na robo zake, nimemzuia. Sijui mtindo gani huo unaotaka mbele na nyuma zijulikane hivyo, lakini wewe ndiye fundi.

Na mimi nina ombi. Nitumie F na S tena, za jioni moja hiyohiyo. Nataka kuwa na uhakika kabla sijaigusa pete.

Mwanao, Kijiti

*

17 Mei

Kijiti,

Gauni hilo. Lipige pasi kwa upande wa ndani.

Sikiliza vizuri. Kwenye mishono ya pembeni nimekunja kitambaa cha akiba, vidole vitatu kila upande. Kuna mshono wa nje na mshono wa ndani. Likianza kukubana, fumua wa ndani kwanza, mmoja tu, utapata nafasi. Likibana tena, fumua wa pili. Usikate kitu. Baadaye utairudisha. Mbele nimelikata refu kuliko nyuma. Ukilivaa pindo litakaa sawasawa. Kifuani nimeweka vifungo vinavyofunguka mpaka chini. Vitakufaa.

Sikuulizi kitu na wewe usinieleze kitu. Nimeshona gauni, basi.

Vikaratasi sikutumii. Ulivyonavyo vinatosha.

Mama yako

*

18 Mei

Mama,

Nilikuwa nangoja vikaratasi, sasa nimeacha kungoja. Mtu asiyetaka kupimwa ameshasema kipimo chake.

Kwa hiyo nimefanya kitu ambacho sijawahi kumfanyia mteja. Nimeikata pete pale kwenye kiungo cha Mwalimu na sikuifunga tena. Ina mwanya. Ncha zote mbili nimezizungushia tupa na msasa siku tatu mpaka zikawa duara kama punje za mtama, nikazipitisha kwenye hariri. Haikuvuta hata uzi mmoja. Fedha hii ni laini. Ukiibana kwa vidole viwili, inapungua. Ukiivuta, inaongezeka. Usiifanyie hivyo kila siku, chuma au fedha, kila kitu hukatika kikichoshwa.

Sijui kidole chako kikoje leo. Pete itajua.

Kijiti

*

29 Mei

Mama,

Barua zetu zimepishana njiani. Gauni limefika. Nimelivaa, nikasimama mbele ya kioo, pindo lile limekaa sawa mbele na nyuma kama limepigiwa mstari. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini ulitaka vipimo vile. Nilicheka, nikakaa kitandani nikalia. Mimi ninayekusoma kwa kikaratasi, nimekuandikia tumbo langu kwa inchi, mbele na nyuma, tena kwa mkono wangu mwenyewe!

Ndiyo, Mama. Mimba ina miezi sita. Sikukwambia kwa sababu wale wawili waliotangulia nilikwambia mapema, na mara zote mbili ilinibidi nikuandikie barua ya pili. Barua ile ya pili ndiyo iliyonishinda. Nikasema safari hii akizaliwa ndipo nitasema. Daktari amenikataza ngazi, amenikataza kubeba, amenikataza safari. Lehemu na asidi nilijikataza mwenyewe. Nalala mchana kama mtoto wa tajiri.

Sasa zamu yako. Nimeligeuza gauni ndani nje. Mishono ya mashine yote imenyooka. Lakini pindo, Mama, pindo umelishona kwa mashine. Tangu nizaliwe hujawahi kushona pindo la gauni kwa mashine. Ulikuwa unasema pindo la mashine ni uvivu unaoonekana barabarani. Na vifungo vimekazwa na mtu mwingine, msalaba wake si wako.

Mikono yako ina nini? Nina hasira na wewe na siwezi kupanda basi kuja kukuonyesha. Niambie.

Kijiti

*

8 Juni

Mwanangu,

Nimekaa chini ili niandike, na bado herufi zinatembea. Utavumilia.

Mimba nilishaijua uliposema moshi unakukera. Vipimo nilivitaka vya kuhakikisha. Tumbo likitoka, gauni hupanda mbele; hilo hakuna mwanamke aliyewahi kunificha. Sikuuliza, kwa sababu wale wawili niliwashonea kabla hawajafika. Nguo zao ziko ndani ya droo ya vifungo, chini kabisa, sijui pa kuzipeleka. Safari hii nikasema sishoni cha mtoto. Nakushonea wewe.

Yangu ni haya. Moyo unakimbia hata nikiwa nimekaa. Nakula kama mpakia mizigo na bado naisha. Mikono inatetemeka, kutunga uzi kwenye sindano siwezi, wateja nawaambia miwani imepotea. Vifungo vyako amekaza jirani, nikiwa nimesimama juu ya kichwa chake namgombeza. Hospitali sijaenda. Nimeogopa, ndiyo hivyo. Mama yako mkubwa alianza hivihivi, kwa kupungua, na siku aliyokwenda kupimwa ndiyo siku aliyoambiwa amechelewa. Mimi nikaona afadhali nisiambiwe. Mtu anayeishi kwa kupima watu, akakimbia kupimwa! Ukicheka una haki.

Pete yako ilipofika niliivaa, nikaibana kidogo, ikakaa. Nikafurahi. Wiki ya pili ikacheza, nikaibana. Jana imecheza tena, nikaibana mpaka ncha zikagusana. Nilikaa na mkono mezani nikiitazama. Unajua maana yake kuliko mimi, hapana pa kubana tena.

Kesho naondoka kwenda hospitali kubwa. Nitakaa kwa mama yako mdogo. Usiniandikie kwake, anafungua barua za watu kwa mvuke wa birika. Niandikie hapahapa, nitazikuta. Na kama mkono utakataa kuandika, nitakutumia vikaratasi. Utavisoma.

Mimi Mama yako

*

21 Juni

Mama,

Nakuandikia kwa anwani ya nyumbani kwako nikijua hupo. Bahasha imefika. Hakuna barua, vikaratasi viwili tu na tarehe nyuma. Maandishi ya F yametetemeka.

Nimevilaza juu ya vile vya Februari. F ni ileile. S imepungua tena. Sitakudanganya na wewe usijidanganye.

Mwalimu amepiga simu duka la kona. Wanasema fundi amefunga mlango, ameondoka na begi moja, amewaachia ufunguo na onyo wasimguse paka. Paka gani? Hujawahi kuniambia habari za paka.

Nimefumua mshono wa kwanza.

Kijiti

*

15 Julai

Mama,

Bahasha ya pili. Vikaratasi viwili, na safari hii harufu ya dawa.

S imesimama. Nimepima mara nyingi, nikamwita Mwalimu naye apime. Imesimama palepale pa mwezi wa sita, haijapanda wala haijashuka. Mwalimu anasema kitu kinachoshuka lazima kisimame kwanza kabla ya kupanda. Nikamuuliza na kikisimama halafu kikashuka tena? Akasema hesabu haikatazi. Nimemwambia aende akasahihishe madaftari.

Siruhusiwi kukaa kwenye meza ya kazi kwa muda mrefu. Nakaa kidogo, nashika tupa, naiacha. Nyundo ya mbao nimeiweka kitandani upande wa ukutani, Mwalimu ananicheka. Naogopa, Mama. Naogopa huku na naogopa huko, na nimelala katikati kama kitambaa kilichobanwa na pini.

Nimefumua mshono wa pili. Akiba imekwisha. Ulikata kwa hesabu ya nani? Imenitosha barabara.

Kijiti

*

27 Agosti

Mama Mkwe, shikamoo.

Ni mimi Mwalimu. Mkeo wangu hajaruhusiwa kuinuka (nimeandika "mkeo wangu", nimeona, nimechoka, naacha hivyohivyo). Jana alfajiri amejifungua mtoto wa kike. Mzazi mzima, mtoto mzima. Kilo tatu na gramu mia moja. Analia kwa nguvu na anakunja ngumi.

Saa chache baadaye nilipitia posta nikakuta bahasha yako. Nikampelekea wodini. Akaniagiza nirudi nyumbani nilete vikaratasi vyote, tangu vya Februari, na rula. Nikarudi. Nikavilaza kwenye shuka mbele yake, muuguzi akitutazama kama wagonjwa wa kichwa. F ni ileile. S imeongezeka. Akasema rudia. Nikarudia. Akasema geuza rula, pengine imeliwa mwanzoni. Nikageuza. Imeongezeka, Mama. Si kubwa, lakini ipo, na haipo kwa bahati mbaya.

Wakati wa kuzaa hakulia. Hapo ndipo alipolia.

Mkweo, Mwalimu

*

19 Septemba

Kijiti, na Mwalimu,

Nimerudi. Barua zenu zimenisubiri chini ya mlango, paka amezilalia. Paka ni wa jirani, alihamia mwenyewe, sikumwalika.

Huu ni mwandiko wangu, utazame. Mistari imenyooka? Niliapa sitakuandikia mpaka inyooke. Mkono uliotetemeka ungekutisha na wewe ulikuwa umebeba. Vikaratasi havina mwandiko wa kusoma sana, ndiyo maana nilituma vile.

Ni tezi ya shingoni. Ilikuwa inafanya kazi kupita kiasi, kama cherehani ambayo mtu amesahau mguu kwenye kanyagio. Si ya mama yako mkubwa. Daktari ni kijana mdogo, bega la koti lake limeshonwa vibaya, nikamwambia. Akaniambia ningekuja mapema nisingekuwa mifupa hivi. Tukawa tumeambiana. Kuna vidonge, nitavimeza muda mrefu. Sijapona. Ninapona.

Jana nimetunga uzi kwenye sindano. Mara ya tatu, lakini umepita. Nimefungua ile droo ya vifungo, nikazitoa zile nguo mbili, nikazifua, nikazipiga pasi. Moja nimeifumua nione kama inaongezeka. Inaongezeka.

Mwalimu, kilo si kipimo. Kilo ni za sukari. Mabega ya mtoto ni inchi ngapi? Shingo? Kutoka kwapani mpaka kiganjani? Hamjui. Wala msihangaike kunipimia kwa kamba ya kiatu. Mimi na mama yake tumeshaonyeshana kwamba vipimo vya barua ni vya kufichia watu. Akifikisha miezi mitatu mleteni, nimpime kwa mkono wangu.

Pete. Mwezi uliopita niliifungua kidogo, leo asubuhi nikaifungua tena. Ncha zimeachana, mwanya umerudi, unatosha kupitisha uzi mnene. Jioni hii, baada ya pasi, nimeiona imeacha alama kwenye ngozi. Inanibana.

Ukija utataka kuirekebisha, nakujua. Usiiguse. Iache inibane.

Mama yako